Bustani Iliyohamia Uani kwa Zamda

Nosim alikuwa ameshaipita Kimandolu, jua ndiyo kwanza linachungulia, mzigo umemlalia mgongoni na mkanda wa ngozi umemkaza kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa kwao, Waarusha, wanavyobeba. Ungekutana naye njiani ungesema huyu anapeleka ndizi mjini. Juu ya mzigo aliweka mkungu wa ndizi mbichi na magimbi kidogo ya kuzugia macho ya watu. Chini ya ndizi kulikuwa na bustani yake yote.

Aliing'oa alfajiri hiyo, mche kwa mche, akaifunga mizizi kwa magamba ya mgomba yaliyolowekwa mferejini. Ilikuwamo miche ya msokonoi, ambao gome lake huwasha ulimi kama pilipili na hufukuza kikohozi. Yalikuwamo majani ya kutuliza tumbo la mtoto, na mizizi ya kuchemshia supu ya mbuzi kwa wenye viungo vizito. Na katikati, amefungwa peke yake pamoja na udongo wa nyumbani, alikuwamo Yule.

Yule hakuwa mtu. Ulikuwa mmea wa majani mazito yenye manyoya, urefu wake haufiki goti. Mama mkwe wa Nosim, marehemu Nkasiogi, aliushusha kutoka msituni juu kule Meru wakati bado ana nguvu za kupanda, akauotesha nyuma ya nyumba, Moshono, pembeni ya mfereji. Jina alilijua mwenyewe akafa nalo. Alisema mmea ule ukitajwa bila haja huchoka kuitika, basi watu wa nyumba ile wakazoea kusema Yule tu. "Yule amemwagiwa maji?" "Yule ametoa jani jipya." Kazi yake ilikuwa moja, kumzuia mwanamke aliyejifungua asiishiwe damu. Mzizi mbichi, kipande kama kidole, unapondwa juu ya jiwe na kuchemshwa katika mchuzi wa mbuzi, na aliyeutengeneza anakunywa kwanza mbele ya mgonjwa ili aonekane hana baya. Nosim alikuwa ameupanda mlima mara nyingi kumtafutia Yule mwenzake. Hakumpata.

Kilichomtoa nyumbani na mzigo ule ni habari aliyoileta mumewe. Jana yake jioni Lemburis alirudi kutoka kwenye kikao cha wazee wa mfereji, akakaa, akakataa uji. Kusini kulikuwa na vita. Watu wa huko, alisema, walipewa dawa ya maji wakaambiwa risasi za Wadachi hazitawapata, na sasa Wadachi hawataki kusikia neno dawa. Mpaka huku Arusha, ambako hakuna aliyeinua hata rungu, askari wa boma walikuwa wanaingia majumbani na kufunua vyungu. Mzee mmoja upande wa machweo alikwisha kuchukuliwa kwa ajili ya kibuyu cha dawa ya ng'ombe.

"Choma," Lemburis alisema. "Choma vyote, na vyungu uvunje."

"Nimchome Yule?"

"Hata yeye."

"Basi nichome na mimi humo humo, upate mke asiyejua dawa."

"Wewe mwanamke! Mimi naleta habari ya boma, wewe unaleta maneno ya kuoa."

Naeku, mke wa mwana wao Simel, alikuwa anachochea moto. Akacheka, halafu akashika kiuno, maana mimba ilikuwa imeanza kuwa nzito. Dada yake Naeku alijifungua salama mwaka uliopita kisha akatoka damu mpaka akaisha, na kabla yake mama yao mzazi aliondoka hivyo hivyo. Nosim alipomposea Simel binti huyu majirani walimwonya. Yeye aliwajibu neno moja: "Nina Yule." Sasa mimba ilikuwa imefika, na Naeku hakuogopa, kwa sababu mama mkwe wake hakuogopa.

"Nitaipeleka miche yote mjini kwa Paker," Nosim alisema.

Lemburis alinyanyua uso. "Mke wa Omary? Mtu wa pwani atajua wapi maana ya kondoo?"

"Kondoo nilitoa mimi. Maana yake ninaijua mimi."

Lemburis akavuta uji alioukataa, akanywa. 

Kwa watu wa kwao, ukimpa mtu kondoo naye akampokea, majina yenu mnayaweka chini siku hiyo hiyo. Yeye anakuita Paker, wewe unamwita Paker, yaani mwenzangu wa kondoo, mpaka mmoja wenu aondoke duniani. Aliyekupa ng'ombe mnaitana kwa ng'ombe, aliyekupa mbuzi mnaitana kwa mbuzi. Mtu mnayeitana hivyo humwibii, humsemi vibaya, humfungii mlango. Nosim hakuwahi kumwona aliyelivunja jambo hilo, kwa hiyo hakujua kuwa linavunjika. Mtu wa mjini, aliyekwisha kuuza na kuuziwa, angesita kidogo. Yeye hakusita. Alifunga mzigo.

Paker huyo wa mjini, jina lake Zamda, alikuja na mumewe Omary kutoka Pangani, wakifuata msafara wa nguo na shanga, wakajenga karibu na boma. Mimba zilikuwa zinamtoka moja baada ya nyingine hata akaacha kuzitaja. Mke wa askari mmoja ndiye aliyemwonyesha njia ya Moshono. Nosim akamnywesha mizizi, akamkataza kubeba maji, akamkataza pia kulia. Siku ya kujifungua aliteremka mwenyewe na kipande cha Yule mkononi, na mtoto akatoka mzima, wakamwita Jamaldini. Ndipo Nosim alipoleta kondoo mnene wa mafuta, kama inavyompasa mwanamke aliyejifungua.

"Mafuta haya yote nipake wapi?" Zamda aliuliza alipoona chungu kimejaa.

"Tumboni. Kwa ndani."

"Ninywe? Wallahi nitakufa!"

"Utakufa umenona. Mumeo atafurahi kwa muda mfupi."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Zamda akafumba macho, akanywa, akatapika, akanywa tena. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Zamda alimletea Paker wake mrehani na mchaichai, akamwonyesha kukamua mafuta ya nyonyo, kuchuja dawa kwa kitambaa badala ya nyasi, na kukunja unga wa magome katika majani makavu ya mgomba, vipakiti vidogo vizuri vya kupendeza macho. Dawa za Nosim zikaanza kutembea mjini katika mikunjo ya Zamda.

Basi asubuhi ile Nosim alivuka mto Themi, akafika uani, akatua mzigo.

"Takwenya, Paker!"

"Iko!" Zamda aliitikia kama mtu wa kwao kabisa, mikono imejaa unga. "Mbona jasho? Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa na maneno." Akamweleza yote, huku mtoto Jamaldini akimzunguka miguuni na kumwita Mama Paker, Mama Paker, kama alivyozoea.

Omary alikuwa ameketi mlangoni, anashona begi la ngozi. "Shemeji, mizigo hii si ndiyo hiyo inayotafutwa na boma?"

"Hii ni ya kina mama, shemeji. Na hapa ni chini ya pua yao. Nani atatafuta chini ya pua yake?"

 Omary aliingia ndani na begi lake.

Wakaipanda bustani nyuma ya choo cha kuogea, mahali ambapo maji ya kuoga huteremkia na udongo haukauki. Yule alipewa pahali pake pembeni ya ukuta. Nosim akapiga magoti, akamwonyesha mwenzake kwa kidole.

"Ukihitaji mzizi, chimba upande wa jua la asubuhi tu. Upande wa machweo ni wake mwenyewe. Umesikia? Halafu ziba jeraha kwa mavi ya ng'ombe, umpe miezi apone."

"Nimesikia."

"Na usimchimbe kwa mtu yeyote kabla ya Naeku. Mwezi wa Naeku ukifika nitakuja mwenyewe."

"Paker, huyu nitamtunza kuliko Omary."

"Omary ukimkata haoti tena."

"Mjaribu uone kama anaotesha chochote hata sasa!" Wakaangua kicheko, Zamda akiziba mdomo kwa upande wa kanga, akitupa jicho mlangoni. Hicho ndicho kicheko chao cha mwisho, lakini siku hiyo kilikuwa kicheko kama vingine.

Askari walifika Moshono kabla mashimo hayajafukiwa na mvua. Mkubwa wao alisimama nyuma ya nyumba akayatazama.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Magimbi," Nosim alisema.

"Magimbi gani yanang'olewa yote kwa mpigo?"

"Ya mwenye njaa."

Akampiga kofi, si kwa hasira, kama mtu anayemfukuza nzi. "Umeficha wapi dawa?"

 Nosim aliwaza: nikisema mjini, watamwendea Paker, watampiga na mtoto akiona, na Yule atang'olewa atupwe juani. Walimfunga kamba mkononi. Naeku alimfuata mpaka njia panda, akilia na kuita, "Yeyo! Yeyo!" kama wanavyomwita mama, na Nosim akageuka akamwambia arudi akapike, asikimbie na mimba.

Shauri lilisomwa mbele ya boma, watu wamechuchumaa pande zote, bwana mkubwa kwenye kiti na mkalimani amesimama kando yake. Mkalimani aliuliza dawa ziko wapi. Nosim kimya. Aliuliza anampa nani. Akasema kina mama wanaojifungua. Bwana mkubwa akasema kitu kifupi kwa Kidachi, mkalimani akageuka, na askari wakamleta shahidi.

Alikuwa Zamda.

Nosim alipomwona moyo wake ulishtuka kwa huruma. Alidhani amekamatwa naye. Akamtafuta macho ili amwambie bila maneno kwamba sijasema, hawajui, tulia. Zamda alitazama chini. Mkalimani akanyanyua kipakiti kimoja cha jani la mgomba, kimekunjwa vizuri, kilichokutwa nyumbani kwa askari.

"Dawa hii ni ya nani?"

"Ya Nosim," Zamda alisema.

Nosim akageuza kichwa. Kwa kweli aligeuka kutazama nyuma yake, kuona ni Nosim gani mwingine aliyeitwa. Alikuwa amekwisha kusahau kwamba mdomo ule unaweza kutamka jina lile.

"Nosim yupi?"

"Nosim mke wa Lemburis. Wa Moshono. Huyo hapo."

"Anampa nani?"

"Wanawake."  Nyuma ya Zamda alisimama Omary, mikono imefungwa kifuani. "Wanawake, na vijana."

"Vijana gani? Wa vita?"

"Vijana wa kwao. Sijui zaidi."

Mnong'ono ukapita katika watu waliochuchumaa. Kila Mwarusha pale alijua kwamba vijana huchemshiwa mizizi yao na wanaume, porini, na mwanamke hata harufu yake haisogelei. Lakini bwana mkubwa hakuwa Mwarusha. Neno vijana lilimtosha. Mkalimani akauliza tena, kwa mara ya mwisho, bustani iko wapi. Sasa Nosim angeweza kunyoosha kidole. Ilikuwa mbele yake, mlio wa jogoo tu kutoka pale. Angesema, na Zamda angefungwa kamba ile ile. Lakini wangemng'oa Yule, na mwezi wa Naeku ulikuwa unakuja.

"Nilizitupa mtoni," alisema.

Wakamfunga. Kazi yake ilikuwa kubeba maji kutoka Themi kupeleka boma, ya kupikia, ya kuoga, ya kuchanganyia chokaa, kutwa nzima, mtungi kichwani badala ya mkanda aliouzoea, shingo ikiuma kama imevunjwa. Hapo mtoni ndipo Lemburis alipopata kuzungumza naye, akijifanya ananywesha ng'ombe.

"Naeku?"

"Mzima. Tumbo linakua."

"Umekwenda kwa yule mwanamke kama nilivyokutuma?" Hakumtaja kwa jina, wala hakusema Paker.

"Nimekwenda. Omary aliniambia mambo ya uani hayajui. Nikangoja. Mwanamke akatoka, akaniambia mmea umelala, usisumbuliwe, utaharibika."

"Umelala?" Nosim aliushika mtungi asiuangushe. "Msimu huu haulali. Ulimwona?"

"Hakunifungulia uani. Watu wamejaa pale mlangoni, mama. Wake wa askari, wake wa Wahindi, mpaka watu kutoka Lemara na ndoo zao. Wanamwita Mama Dawa."

"Na boma halimuulizi?"

"Boma limempa ruhusa. Omary anasema dawa ya mkewe ni ya kistaarabu."

Askari akapiga kelele, Nosim akatwika mtungi. Siku hiyo hakumwaga hata tone. Alitembea anawaza msimu, na majani yale yenye manyoya, na neno *umelala*.

Walimfungua mvua kubwa zilipoanza, vita vya kusini vilipokwisha kupoa na bwana mkubwa alipokwisha kumsahau. Hakwenda nyumbani. Alitoka mlangoni mwa boma akaenda moja kwa moja kwa Zamda, kucha zake zimelika kwa chokaa, nguo ile ile aliyokamatwa nayo.

Mlangoni palikuwa na wanawake wamekaa, kila mmoja na kibuyu chake. Jamaldini alikuwa wa kwanza kumwona. "Mama Paker!" akapiga mbio, akamkumbatia magoti. Nosim akamwekea mkono kichwani, akapita naye mpaka uani.

Mrehani ulikuwa umenawiri. Mchaichai ulikuwa umetanda. Miche ya msokonoi ilikuwa imeshika, imeanza kuchunwa gome. Pembeni ya ukuta, mahali pa Yule, palikuwa na banda la kuku.

Nosim aliinama. Akaingiza mkono chini ya banda, akachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa mlaini, wa kuchimbwa na kurudishwa. Akachimba upande wa asubuhi. Akachimba upande wa machweo. Hapakuwa na hata uzi wa mzizi.

"Umekuja," Zamda alisema nyuma yake.  "Alhamdulillahi. Ingia ndani, ule. Umekonda, mwenzangu."

"Yuko wapi, Zamda?"

Zamda alirudi nyuma hatua moja, kama aliyemwagiwa maji ya moto. Wanawake mlangoni wakanyamaza ili wasikie.

"Walinishika mimi kwanza," Zamda alianza, maneno yakitoka mbio. "Walikuta kipakiti, wakaja hapa, wakamlaza Omary hapo hapo ulipo, kiboko mkononi, wakasema dawa ya nani? Nina mtoto! Ningefanyaje? Wewe mwenyewe niambie, ningefanyaje?"

"Hilo nimelielewa tangu siku ile," Nosim alisema. "Nilikuwa nabeba maji nikasema, aliogopa. Hata mimi ningeogopa. Neno la vijana nalo nikasema, ni Omary aliyemwekea mdomoni." Akasimama, udongo ukidondoka vidoleni. "Lakini siku uliposhika jembe ukaja hapa ukutani, nani alikushikia kiboko?"

 Zamda alivuta kanga.

"Walikuja wengi," alisema mwishowe. "Mke wa karani, alikuwa anatoka damu. Halafu mwingine. Halafu wakasikia wengine. Ningewaambiaje hapana? Na watu walisema hutarudi. Walisema utapelekwa pwani. Nilidhani hutarudi."

"Ukarithi."

"Usiseme hivyo."

"Mume wangu alipokuja ukamwambia amelala."

"Niliona haya. Ningemwambiaje mzee wa watu?"

"Alikuwa bado yupo siku hiyo?"

Zamda akatazama banda la kuku. "Kidogo," alisema. "Kipande."

Nosim alipangusa udongo mikononi, kidole kimoja kimoja. Mwanamke mmoja mlangoni akakohoa.

Omary alitokea upande wa nyuma akivuta kondoo kwa kamba, kondoo mzuri, mkia umejaa mafuta. Alikuwa amefikiri haraka, kama mfanyabiashara. "Shemeji," alisema kwa sauti ya kupatanisha, "yaliyopita tuyazike. Tunajua desturi zenu. Huyu ni zawadi, kutoka kwa Paker wako. Mpokee, muanze upya."

Nosim alimtazama kondoo. Nyumbani Naeku alikuwa anangoja mwezi wake, na hakuna kilichobaki cha kumpa isipokuwa mafuta. Akaona yote mawili kwa wakati mmoja, kondoo na neno lililofungwa shingoni mwake.

"Sema ni malipo," alisema.

"Ati?"

"Nikimpokea kama zawadi nimerudi kuwa Paker. Sitaki. Sema mbele ya hawa kina mama kwamba ni malipo."

"Malipo ya nini, shemeji?"

"Na shemeji uache. Malipo ya maji niliyobeba kwa ajili yenu. Sema, ama baki naye."

Omary akamtazama mkewe. Zamda alikuwa analia sasa, bila sauti, akitikisa kichwa. "Usiseme," alimwambia mumewe. "Omary, nakuomba usiseme hilo." Alijua maana ya kondoo. Lemburis alikosea katika hilo, mtu wa pwani aliijua vizuri kabisa.

Lakini mlangoni palikuwa na wateja, na Omary alitaka jambo liishe. "Haya," alisema. "Ni malipo."

Nosim akachukua kamba. Jamaldini alimfuata mpaka njiani akiuliza kondoo anaitwa nani, na kwa nini Mama Paker hakai. Nosim alimgeuza mabega kwa upole, akamwelekeza kwao, akaendelea. Alivuka Themi, akaipandisha njia ya Kimandolu na kondoo akimvuta kuelekea kila kichaka, na mvua ikamkuta kabla ya Moshono.

Naeku alijifungua mtoto wa kike. Nosim alimchemshia mafuta ya kondoo, akanywa kwanza yeye mwenyewe, kisha akamnywesha. Damu haikukata. Naeku alikufa siku ya pili. Mtoto aliitwa Namelok, akalelewa na Nosim kwa maziwa ya mbuzi, akakua, akaolewa upande wa Wameru.

Simel alioa tena. Lemburis alikufa kwa kifua miaka michache baadaye.

Omary alifungua duka karibu na soko. Vita vya Wadachi na Waingereza vilipokuja duka likachukuliwa chakula chote, naye akarudi Pangani. Zamda hakufuatana naye. Aliendelea kuuza vipakiti vyake vya mrehani na magome mpaka wakati wa Waingereza, na watu walimwita Mama Dawa mpaka mwisho. Siku za sikukuu alipeleka Moshono mtu na mkungu wa ndizi, na mkungu ulirudishwa. Jamaldini alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi.

Nosim aliupanda mlima kila mwaka kumtafuta Yule, mpaka magoti yakakataa. Mahali ambapo Nkasiogi alimtoa palikuwa pamefyekwa na kugeuka shamba la mzungu. Hakumfundisha mtu mwingine dawa yoyote. Alizikwa Moshono, na pale nyuma ya nyumba, pembeni ya mfereji, mke wa pili wa Simel alipanda magimbi.